Mlio Usiojibiwa

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Shh. Kimya cha kama nusu pumzi, kisha shh tena. Ilitoka kwenye spika mbili zilizokuwa juu ya meza ya Daktari Devota, na ilifanana na mchele unaomwagwa kwenye ungo, kiganja kimoja kimoja.

Inspekta Severina Kalinga alikuwa ameisikiliza kwa dakika nne. Alipojigundua anavuta pumzi kwa kuifuata, aliketi wima akamwomba daktari aizime.

“Wote wanafanya hivyo,” Devota alisema. “Hata mimi jana.”

Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlima Loleza ukakaa juu ya mabati ya mji wa Mbeya, na taa za ofisi zilikuwa zinawaka. Severina alikuwa ameondoka Iringa jana yake na bahasha moja iliyofungwa kwa lakiri. Ndani ya bahasha kulikuwa na kumbukumbu za mashine iliyovalishwa kichwani kwa Bi Noorjahan siku aliyokufa.

Bi Noorjahan alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, mwenye duka la vitambaa mjini Iringa. Siku kumi na mbili zilizopita alikwenda kwenye kliniki moja ya binafsi kusafishwa kidonda cha mguu, kazi ya nusu saa. Hakupigwa nusu kaputi kamili. Alipewa dawa ya kumlaza tu, na kwa kuwa kliniki ile ilikuwa na utafiti wake, alivalishwa utepe uliobandikwa kwa gundi sehemu tatu kwenye paji la uso, na spika ndogo masikioni. Mkuu wa utafiti, Daktari Anyitike, alikuwa akiwaeleza watu wote kwamba sauti zikipigwa kwa wakati wake, mzee analala vizuri kwa dawa kidogo na kuamka bila kuchanganyikiwa. Bi Noorjahan hakuamka. Cheti kiliandika kwamba moyo ulisimama ghafla saa tano na dakika nane.

Binti yake, Taslim, ndiye aliyefungua malalamiko polisi. Alisema zile sauti zimemuua mama yake. Mjini maneno yalikuwa yamekwenda mbali zaidi. Sokoni walisema mashine ile inaita roho ya mtu polepole mpaka inatoka. Severina hakuwa na la kuwajibu, kwa sababu jalada lilikuwa safi. Karatasi ya mgonjwa ilionyesha pumzi na mapigo mazuri kila baada ya dakika tano. Tena siku hiyo kulikuwa na wageni watano kutoka kwa wafadhili wa utafiti. Walikaa chumba cha mkutano pamoja na Taslim, wakiyatazama mawimbi ya ubongo wa Bi Noorjahan ukutani mpaka saa tano na dakika tano. Wote waliapa kwamba alikuwa amelala salama. Ni daktari aliyepasua maiti tu aliyemtia wasiwasi: moyo aliukuta mzima, na dalili zilikuwa za mtu aliyekosa hewa taratibu.

Devota, bingwa wa magonjwa ya ubongo, aligeuza skrini ili waone wote wawili. Mstari mweusi ulikuwa unapanda na kushuka, na kila baada ya muda mfupi kulikuwa na alama nyekundu.

“Mstari ni ubongo wake. Mtu akilala fofofo, ubongo unakwenda kwa mawimbi makubwa ya polepole. Mashine inasubiri. Wimbi likianza kupanda, inapiga mlio. Hizo nyekundu ndiyo milio. Ukipiga pale pale, wimbi linalofuata linakua. Ukikosea wakati, hupati kitu.”

Severina aliwaza kidogo. “Kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.”

“Ndiyo hivyo. Mchi wa pili lazima ujue wa kwanza uko wapi.”

Alimwonyesha mwanzo. Mlio, na mara baada yake wimbi linavimba. Mlio, wimbi linavimba. Ilikuwa hivyo mpaka saa nne na nusu. Baada ya hapo mstari ulianza kulala bapa, sekunde tano, sekunde sita, ukiibuka na kuzama tena. Devota alisema hapo dawa imezidi, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo haachwi peke yake hata kwa dakika moja. Lakini kila alipoibuka, aliujibu mlio. Wa mwisho ulipigwa saa nne na dakika thelathini na saba.

“Na huo?”

“Ameujibu. Alikuwa hai.”

Kisha mstari ukavurugika, mikwaruzo mitupu kwa dakika mbili, kama utepe umevuliwa na kuvalishwa upya. Baada ya mikwaruzo mawimbi yalirudi. Yalikuwa mazuri kuliko ya kwanza, makubwa, yenye mpangilio. Haya ndiyo waliyoyaona wageni ukutani.

“Sasa angalia nyekundu,” Devota alisema.

Severina aliangalia. Mlio ulipigwa, na wimbi lililofuata lilikuwa kama lililotangulia. Mlio mwingine, vilevile. Devota aliupeleka mstari mbele dakika tano, dakika kumi. Mashine ilikuwa inapiga kwa wakati wake, bila kukosea, na upande wa pili hakuna aliyeshtuka.

“Milio elfu moja na arobaini na moja,” daktari alisema. “Nimeihesabisha kwa kompyuta mara mbili. Haukujibiwa hata mmoja.”

Severina aliuliza swali alilolionea aibu: kama maiti inaweza kutoa mawimbi. Devota hakucheka. Alisema maiti haina wimbi, na bila wimbi mashine haitoi sauti. Severina akauliza kama huenda spika zilichomoka masikioni. Hapana, kila spika hujipima yenyewe ndani ya sikio, na kipimo kilikuwa sawa muda wote. Je, mfanyakazi mmoja angeweza kulala pale na kujifanya?

“Usingizi huu hauigizwi, Inspekta. Mtu akifumba macho tu, mstari unamsema.”

“Basi ni mtu mwingine. Yuko hai, amelazwa kwa dawa, na spika ziko masikioni mwake.”

“Na masikio yake hayafanyi kazi.”

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Saa nne na dakika hamsini na mbili mawimbi yalikatika kwa sekunde arobaini. Yule mtu, awaye yote, alikuwa ameamka au alitaka kuamka. Halafu alizamishwa tena, chini zaidi. Saa tano na dakika tano utepe ulivuliwa mara ya pili. Dakika tatu baadaye ulivalishwa tena, na mstari ulikuwa umenyooka kama uzi.

Severina alifungua mkoba, akatoa nakala ya daftari la wagonjwa la siku ile. Alikuwa ameipitia mara nyingi akitafuta jina la mtu mwenye ugomvi na marehemu. Sasa alishusha kidole kwenye safu ya mwisho, ile ya maelezo. Asubuhi hiyo walilazwa kwa dawa wagonjwa wanne. Mbele ya jina la mmoja wao, Aroni wa Ubaruku, uvimbe mgongoni, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: Hafai kwa utafiti. Masikio.

Alimwomba Devota aandike taarifa yake na kutia saini kila ukurasa. Alifunga bahasha upya kwa lakiri, akaandika saa, akaingia kwenye gari.

Pale Igawa aliiacha barabara kuu, akapita Rujewa na kufika Ubaruku saa tisa alasiri. Jua la bonde la Usangu lilikuwa kali. Nyumba ya Mzee Aroni ilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa, na mbele yake mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai. Mwanamke mmoja alikuwa anaugeuza kwa miguu, akiiburuza taratibu.

“Kamwene, mama,” Severina alisalimia.

“Kamwene,” mwanamke aliitikia, akaitazama namba ya gari. Alikuwa Verediana, mke wa Aroni. Hakuuliza polisi wamefuata nini. Alisema tu kwamba alijua iko siku mtu atakuja, kwa kuwa mzee wake hakurudi kutoka Iringa kama alivyokwenda.

Aroni alikuwa ameketi kivulini, kofia ya sufu magotini. Alikuwa ameiendesha mashine ile ya jirani kwa miaka thelathini na moja, na masikio yalikwisha kabla ya nguvu. Verediana alimwelekea uso kwa uso na kumwambia polepole mgeni ni nani, naye akamsoma midomo. Alipojibu alijibu kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng’ambo ya shamba.

Alieleza kwamba alilazwa kwenye chumba chenye vitanda viwili na pazia katikati. Walimchoma sindano, akalala. Aliambiwa angeamka baada ya nusu saa. Verediana alidakia kwamba yeye alikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, na kila alipouliza aliambiwa mzee anapumzika. Alipomtoa, paji lake la uso lilikuwa linanata kama limepakwa uji wa muhogo, alama tatu za mviringo. Muuguzi alimwambia ni jasho.

“Ulizifuta?”

“Nilimvika kofia tu, kulikuwa na upepo. Nyumbani nilimwosha kwa sabuni.”

Severina aliomba kuiona kofia. Kwa ndani, kwenye ukingo, kulikuwa na ganda jeupe lililokauka, duara tatu zilizopangana. Aliitia kwenye mfuko wa karatasi, akamwandikia mzee stakabadhi ya kuichukua.

Kisha akamwomba Verediana amuulize mzee kama aliamka hata kidogo.

Aroni aliangalia midomo ya mkewe mpaka mwisho. Verediana alimwambia Severina pembeni kwamba ni njozi za dawa, na kwamba tangu siku hiyo mzee hataki kulala chali.

“Pazia lilikuwa halijafungwa vizuri,” Aroni alisema. “Niliona kitanda cha pili. Mama wa Kihindi, mzee. Mkono wake umening’inia huku kwangu. Kucha zimekuwa rangi ya wino. Kifua nilikitazama, sikuona kikipanda. Na hapakuwa na mtu. Nikaita.” Alijishika koo. “Sijui kama sauti ilitoka. Mimi sauti yangu siisikii.”

“Halafu?”

“Alikuja kijana wa miwani, nguo za kijani. Nikamwonyesha kule kwa macho. Yeye alinitazama mimi. Akaibinya sindano kwenye dripu yangu. Basi.”

Severina aliandika maneno yale kama yalivyotamkwa, akamsomea Verediana, naye akamfikishia mumewe neno kwa neno. Mzee alitia dole gumba. Severina alipoinuka, Aroni alimshika mkono na kumuuliza kama yule mama alikuwapo kweli. Severina alimwelekea uso kama alivyoona mkewe akifanya.

“Alikuwapo, mzee. Hukuota.”

Kesho yake saa mbili asubuhi, Joachim aliletwa kwenye chumba cha mahojiano Iringa. Ndiye mtaalamu wa usingizi wa kliniki, kijana wa miaka thelathini na nne, mwenye miwani ya fremu nyembamba. Severina alimsomea onyo, akamweleza haki yake ya kuwa na wakili. Joachim alisema hahitaji, hana cha kuficha.

Alimwacha asimulie tena. Alisimulia kama alivyosimulia mara ya kwanza, karibu maneno yale yale: mgonjwa alikuwa salama, hakuondoka kitandani pake, saa tano na dakika nane moyo ukasimama ghafla. Severina alimsogezea karatasi ya mgonjwa.

“Hizi namba uliandika saa ngapi?”

“Kila baada ya dakika tano, afande.”

“Kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, bila kufuta hata mara moja. Wagonjwa wako wengine wa wiki ile nimewaona. Kwao umefuta, umerudia, umechelewa. Huyu peke yake ndiye hakukusumbua.”

Severina aliweka mezani kofia ndani ya mfuko wake, akaweka na taarifa ya Devota. Hakupandisha sauti. Alimweleza juu ya mawimbi yaliyojibu na yale yasiyojibu, na kwa kila saa aliyoitaja kijana alizidi kuinama, kama mtu anayetwishwa mzigo vipande vipande.

Maelezo yake yalijaza kurasa sita. Saa nne na nusu kidonda kilikuwa kimekwisha kusafishwa, lakini dawa ilikuwa imemzidi mama, na mawimbi yalianza kukatika. Wageni walikuwa wanaingia chumba cha mkutano, na skrini yao ilikuwa imeunganishwa na mashine ile. Daktari Anyitike alimtumia ujumbe. Joachim alikuwa hajaufuta. Alifungua simu na kuuonyesha: “Yanaharibika. Mvalishe yule mzee kwa muda, nikimaliza rudisha.” Alimhamishia Aroni utepe. Kipimo cha hewa cha Bi Noorjahan kilikuwa kimeanza kupiga kelele, na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo alikizima sauti. Alidhani dawa itapungua yenyewe. Kisha daktari alimwita chumba cha mkutano awaeleze wageni juu ya dozi. Alisimama mbele yao akijibu maswali kwa dakika kumi na moja, mpaka mawimbi yalipokatika ukutani na Anyitike akamtazama. Akatoka mbio kwenda kumlaza mzee upya, kisha akarudi kumalizia maswali ya wageni.

“Hiyo ni saa nne na dakika hamsini na mbili,” Severina alisema. “Kutoka kitanda hiki hadi kile ni hatua mbili. Ulimtazama mama?”

“Nilikuwa natazama mstari wa mzee.”

“Nimekuuliza mama.”

Joachim alivua miwani, akaishika bila kuifuta.

“Niliuona mkono,” alisema. “Nikasema moyoni, nikirudi.”

Severina aliliandika na hilo. Kalamu ilikwama katikati ya neno, akaitikisa, akamalizia.

Anyitike alikamatwa ofisini kwake kabla ya adhuhuri. Hakubisha kuhusu ujumbe. Alisema ulikuwa uamuzi wa kiutendaji, wa dakika chache, na kwamba hakuna aliyetaka mtu afe. Alipokuwa anavaa koti aliuliza kama zile dakika thelathini za mwanzo, zilizokuwa za mgonjwa mwenyewe, zinaweza kuhifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Askari aliyekuwa mlangoni aliangalia pembeni. Severina alimwambia zitahifadhiwa kama kielelezo mahakamani.

Kazi iliyobaki hakumtuma mtu. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye duka la vitambaa, kwa kuwa Iringa ni ndogo, na habari ingemfikia Taslim barabarani ikiwa imekwisha kuharibika. Taslim alikuwa peke yake, anakunja doti za kitenge. Alimpa inspekta kiti, naye akabaki amesimama.

Severina alimweleza bila kuzunguka. Si sauti zilizomuua mama yake. Dawa ilizidi, na aliachwa. Alitaja saa moja baada ya nyingine. Taslim alisikiliza huku akilinganisha pindo za kitambaa kile kile.

“Yale mawimbi niliyoyaona,” alisema mwishowe. “Yalikuwa ya nani?”

“Ya mzee mmoja wa Ubaruku. Ni mzima.”

“Daktari aliniweka kiti cha mbele. Akasema tazama, mama yako hajawahi kulala vizuri hivi.” Alikiweka kitambaa chini. “Mama alikuwa wapi?”

“Chumba cha pili. Nyuma ya ule ukuta.”

Nje mteja alisimama mlangoni, akaziona nyuso zao, akaenda zake. Taslim alikaa juu ya bunda la vitenge, mikono mapajani, viganja vikiangalia juu.

“Alipomaliza kueleza, wageni walipiga makofi,” alisema. “Na mimi nilipiga.”